Aliyeiinamia Kamera

Mbwajumali,
17 Februari 2024

Kwa Bwana Harith, Wiyoni.

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo. Sisi huku twashukuru.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni masikio yako. Shuaib alikuwa akiniambia kwamba simu waisikia kama nyuki ndani ya kopo. Ya pili ni eda. Nimo chumbani tangu Januari, na si halali yangu kukaa barazani niongee nawe. Barua hii anakuletea mdogo wangu Saadiya, anayekuja huko kwenu Amu kila wiki kujifunza kushona. Ukiwa na jibu, mpe yeye.

Wiki iliyopita polisi walituletea vitu vya Shuaib: stendi ya miguu mitatu, futi ya kupimia, kiatu kimoja, na kamera. Kamera nzima, haina hata mkwaruzo. Ndani yake mna picha arobaini za siku ile, za lile gofu la kisiwani Manda alilokuwa akilipima kwa ajili ya mradi wa majumba ya kale. Aliisimamisha kamera nje ya mlango, akaiwekea ijipige yenyewe kila dakika kuanzia saa tisa na nusu alasiri, apate kujua jua linafika saa ngapi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Yeye mwenyewe akaingia ndani na futi yake.

Nimetazama picha kumi za mwanzo, nikashindwa kuendelea. Zote zimekuwa nyeusi, kama zimepakwa masizi. Naona fremu ya mlango. Naona mtu anapita, anainama, anainuka. Uso hana. Mara kumi nimemtazama mume wangu, na mara kumi hana uso.

Mamake, Bi Mwanamkisi, ameniuliza mara mbili kama picha zimetoka. Nimemdanganya kuwa betri imekwisha. Majirani wanasema gofu lile lina wenyewe, na hawapendi kupigwa picha. Mimi nataka kusikia kwako wewe uliyemfundisha kazi hii tangu ana miaka kumi na sita. Kamera iliharibika? Na uso wake waweza kurudishwa?

Ghada


Wiyoni,
22 Februari 2024

Bi Ghada, mwanangu,

Wa alaykum salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu Shuaib na akupe subira.

Kamera haikuharibika, wala hapana mwenye nyumba aliyekasirika. Sababu ni ndogo mno. Nilimfundisha mwenyewe, naye akaipuuza kama vijana wanavyopuuza.

Nyuma ya kamera pana tundu la kioo ambapo mpiga picha huweka jicho kuchungulia. Ndani, karibu na tundu hilo, kuna kipima mwanga. Hicho ndicho kinachoamua picha ipewe mwanga kiasi gani. Ukiweka jicho, uso wako unaliziba tundu, na kipimo kinapata mwanga wa mbele tu, uliopita kwenye lenzi. Lakini ukiiacha kamera peke yake juu ya stendi, tundu linabaki wazi, na mwanga wa nyuma unaingia nao. Kipimo hakiwezi kuutambua mgeni huyo. Kinadhani kule mbele kumejaa mwanga, kwa hiyo kinaubana, na picha inatoka nyeusi.

Sasa fikiria: kamera iko uani, jua la alasiri linaipiga mgongoni, nayo inatazama chumba chenye kiza. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Kuna kifuniko kidogo cha mpira cha kulizibia tundu. Chake alikipoteza mwezi uleule alioipata kamera. Nilimwambia abandike hata kipande cha utepe mweusi, hakusikia.

Kwa hiyo zote arobaini zitakuwa vivyo hivyo. Uso waweza kuonekana kidogo zikishughulikiwa kwenye kompyuta, lakini hiyo si kazi ya mtu aliye katika eda. Usiendelee kuzitazama. Mpe Saadiya kamera aniletee. Nitazisafisha mwenyewe, nikuchagulie moja ya kuweka ukutani.

Ni mimi, mwalimu wa mumeo,
Harith


Mbwajumali,
2 Machi 2024

Bwana Harith,

Ahsante kwa maelezo yako. Kamera sitaileta bado.

Nimezitazama zote. Nyeusi ni thelathini na sita. Nne ni safi.

Ya kumi na nne, Shuaib amesimama katikati ya chumba, futi mkononi, amegeuka mlangoni. Macho yake yanatazama juu kidogo ya lenzi. Ya kumi na tano anacheka, yale meno yake ya mbele yaliyopandana yaonekana. Ya kumi na sita ameinua mkono mmoja, na mguu ameupeleka nyuma. Ya kumi na saba ni nyeusi, ina vumbi, na mtu hayumo. Kuanzia hapo ni nyeusi tii kwa vumbi mpaka mwisho, hata fremu ya mlango siioni, ila ya thelathini na moja peke yake. Hiyo ni safi kama mchana wa jua kali, na haina mtu.

Mwanzo nilifurahi. Nimeuona uso wake. Niliweka kidole juu ya shavu lake pale kwenye kioo. Kisha maneno ya barua yako yakanirudia.

Jana alasiri niliweka kamera juu ya kiti hapa chumbani, mgongo wake kwenye dirisha la magharibi, lenzi ikitazama kona ya kabati. Nikaiwekea ijipige kila dakika, nikakaa kitandani. Nyeusi. Nikaliinamia lile tundu. Safi. Nikaondoka. Nyeusi tena. Ulisema kweli tupu.

Nikatoka kwenda kutawadha. Nilipokuwa nikirudi nilisikia kamera ikilia, nikafika mlangoni na maji yakinidondoka. Bi Mwanamkisi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, uso ameukandamiza kwenye kamera, kwa mikono yote miwili ameishika miguu ya kiti. Sikumsikia akiingia. Nikamwuliza, "Mama, wafanya nini?"

Akaniambia bila kuondoa jicho kwenye tundu: "Nambiwa mwanangu yumo humu. Nimetia ito la kulia, nimetia la kushoto, simuoni."

Nikamnyanyua nikampeleka kitandani kwake. Niliporudi nikatazama picha iliyopigwa wakati yeye ameinama. Ilikuwa safi.

Kwa hiyo, Bwana Harith, picha haiwi safi mpaka pawe na uso nyuma ya kamera. Shuaib yumo ndani ya picha, tena watu wote walisema kwamba alikwenda peke yake. Ule uso ulikuwa wa nani?

Ghada


Wiyoni,
9 Machi 2024

Bi Ghada,

Ni wingu. Wingu likipita juu ya jua, mwanga wa nyuma unapungua, kipimo kinarudi sawa, na picha inatoka safi. Nilisahau kukueleza hilo.

Mimi sikuonana na Shuaib kwa majuma mawili kabla ya kifo chake, kama nilivyosema mazikoni, kwa hiyo sina la kuongeza. Ramadhani ndiyo hii inaingia. Tumwombee. Picha hizo zifute, mwanangu. Zinakuharibia moyo, na sasa zinamharibia mama wa watu akili.

Harith


Mbwajumali,
16 Machi 2024

Bwana Harith,

Ramadhani njema.

Paa la chumba kile lina tundu, na jua linaingia hapo likaweka doa sakafuni, jeupe, ukubwa wa sinia. Katika zile tatu zenye Shuaib lile doa lipo, na kingo zake zimekatika kama zimekatwa kwa mkasi. Lingekuwa wingu, doa lingefutika. Tena mtu hachekei wingu.

Sikukuuliza kama wewe ulionana naye. Hilo umelijibu mwenyewe.

Ngoja nikwambie kinachosemwa huku, labda hakijafika Wiyoni. Waliokwenda kumtoa walikuta kisima kiko wazi sakafuni, mdomo mpana kama meza ya kulia. Wanasema mtu aliyekipima chumba kile miezi miwili hawezi kutumbukia kwa bahati mbaya. Wanasema alijitupa. Hawalisemi mbele yetu. Lakini wanawake waliokuwa wakija kumsomea Shuaib dua pamoja na Bi Mwanamkisi wamepungua, na mmoja alimwuliza Saadiya kama inafaa kumwombea mtu wa aina hiyo.

Na mimi wananipa sababu ya kulisadiki. Wiki ile kabla hajafa tuligombana. Nilikuwa nimechoka kukaa bila mume siku sita katika saba. Nilimwambia, "Basi nenda ukalale na magofu yako." Akachukua begi lake akaondoka bila kuaga. Bi Mwanamkisi alikuwa upande wa pili wa ukuta, alisikia neno kwa neno. Tangu mwezi uanze hali futari yangu. Anafungua kwa tende na maji anayoletewa na jirani, nami nakaa peke yangu mbele ya vyombo vilivyofunikwa.

Kama palikuwa na mtu, mtu huyo anajua Shuaib alivyoanguka. Nambie ni nani.

Ghada


Mbwajumali,
6 Aprili 2024

Bwana Harith,

Wiki tatu. Saadiya amekuja kwako mara mbili. Asema viatu vyako vilikuwa mlangoni, na hakubisha tu, aliinua barua dirishani, nawe uliitazama.

Siku hizi nikizifungua zile picha simtazami tena Shuaib. Natazama upande huu wa kamera, ambao hauna picha. Najiona nimesimama mahali pa mtu mwingine, na nahisi pumzi yake.

Nitaandika mara moja tu zaidi, na barua hiyo haitakuja kwako.

Ghada


Wiyoni,
13 Aprili 2024

Bi Ghada,

Ni mimi.

Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi nne nikazichana. Hii ni ya tano. Hapakuwa na wingu.

Mradi ulipotafuta mpiga picha nilidhani watanichukua mimi. Wakamchukua yeye. Nikanuna, na watu wa Amu waliniona nimenuna, maana hata msikitini sikumpa mkono. Asubuhi ile Shuaib mwenyewe alinifuata nyumbani. Akasema, "Mwalimu, njoo Manda uone chumba hiki, tukifanye pamoja." Sikumjibu. Mchana nikaona haya, nikavuka kwa kimtumbwi changu, na sikumwambia mtu.

Nilipofika kamera ilikuwa ikijipiga. Nikaiinamia kuchungulia, kama ninavyofanya mbele ya kamera yoyote. Tukaongea hivyo, mimi jicho kwenye kioo, yeye ndani. Nikamwambia, "Tundu hujaliziba, zote zitatoka nyeusi." Akacheka. Akasema, "Basi kaa hapohapo, Mwalimu, uwe wewe kizibo changu." Ndiyo picha ya kumi na tano.

Kisha nikaliona lile doa la jua, liko nyuma yake kidogo tu. Nikataka limshike usoni. Nikamwambia, "Rudi nyuma hatua moja." Akarudi. Nikasema, "Nyingine." Kamera ikalia. Sakafu ikafunguka.

Kisima hakikuwa wazi, Bi Ghada. Tazama nyuma ya miguu yake kwenye ile ya kumi na tano. Sakafu ni nzima, chokaa juu ya boriti za zamani, na boriti zilikuwa zimeoza bila mtu kujua. Halafu tazama ya thelathini na moja, shimo lipo. Mtu hawezi kujitupa kwenye shimo ambalo halipo. Picha hizo mbili zatosha kumsafisha, nami nilikwambia uzifute.

Niliita. Nikakimbilia mtumbwini kuchukua kamba, nikarudi, nikaiteremsha. Hapana aliyeishika. Chini palikuwa na sauti. Masikio yangu unayajua. Sijui kama yalikuwa maji yanatulia, au udongo unamomonyoka, au yeye ananiita. Nililala kifudifudi nikatega sikio ukingoni, na sikujua. Hadi leo sijui. Nikitia maji sikioni kutawadha, naisikia.

Nilipoinuka kuondoka nilipita kwenye kamera, nikaweka jicho tena. Sina sababu ya kukupa. Katika kioo kile kidogo chumba kilionekana kiko mbali, kama cha jana, na nikangoja aingie kutoka upande wa kulia. Nilingoja mpaka kamera ikalia.

Majini nilikuwa nikienda kuita watu, wallahi. Lakini nilipofika Wiyoni nilikwisha kusikia watakavyosema: Harith alimwonea wivu, Harith alimsukuma. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Asubuhi yake, boti iliyokwenda kumtafuta, nilikuwemo. Kamba iliyomtoa niliishika mimi, pamoja na wenzangu wanne, na nikalia kama wao.

Fanya utakavyo na barua hii.

Harith


Mbwajumali,
16 Aprili 2024

Bwana Harith,

Nimeisoma mara moja.

Bi Mwanamkisi hajui kusoma, na mimi sitamsomea. Ijumaa ya tarehe ishirini na sita tunamsomea Shuaib khitma baada ya swala ya mchana. Utakuja. Utasema kwa mdomo wako mbele ya watu, na zile picha mbili zitakuwa hapo juu ya mkeka, Saadiya amezichapisha. Usipokuja, barua yako itasomwa na mwingine.

Ghada


Mbwajumali,
4 Mei 2024

Bwana Harith,

Ulikuja. Hilo naliandika mwanzo ili lisipotee katika mengine.

Nilikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia kila kitu. Wewe najua ulisikia machache, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hakuna aliyekupigia kelele sikioni.

Ulipomaliza, Bi Mwanamkisi aliuliza neno moja. Aliuliza, "Aliteka?" Bwana Hamdu, aliyeketi kando yako, akakuinamia akakuambia, "Anauliza kama mwanawe alikuwa akicheka." Ukajibu ndiyo. Hukuona alichofanya baadaye kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa. Aliichukua ile picha ya kumi na tano, akaitia ndani ya buibui lake, upande wa moyo, na tangu siku ile hajaitoa ila wakati wa kuoga.

Ulipoondoka, vijana wawili walitaka kukufuata mpaka kwenye boti. Yeye ndiye aliyewazuia. Akasema, "Mwateni ende. Yeye ndiye wa mwisho kumuona. Nna mengi ya kumuuliza, na akifa ntamuuliza nani?" Jioni akaja jikoni kwangu, akasimama, akauliza nimepika nini. Nilikuwa na wali na kamba wa nazi. Akaketi hapohapo kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akala, akaniambia chumvi imepungua. Wale wanawake wa kusoma wamerudi wote, na mmoja ameleta mkate wa sinia bila kutaja kwa nini.

Sasa hili ni lako peke yako.

Bwana Hamdu ndiye aliyemwosha Shuaib. Mwosha maiti hasimulii alichokiona, lakini siku ya maziko alimtuma mkewe aje kuniambia neno moja, nisije nikalala nikiyafikiria maji. Shingo ilikuwa imevunjika. Alikufa pale alipofika chini. Hakumwita mtu yeyote, Bwana Harith. Ulichokisikia hakikuwa yeye.

Hili nilikuwa nalijua siku zote. Nililijua nilipokuwa nikisoma barua yako, pale ulipoandika kwamba hadi leo hujui. Nikaikunja, nikasema, naye akae nalo. Ulituweka sisi miezi mitatu, mimi nimekuweka siku kumi na nane. Nilinuia kukuweka zaidi. Jana nilikuwa nahesabu siku zangu za eda zilizobaki, nikajikuta nimehesabu zako kwanza, na nikaona raha. Raha hiyo ilinitisha kuliko kitu chochote nilichokiona ndani ya kamera ile. Ndiyo maana naandika leo.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usitume mtu aje kuniomba.

Jumamosi ijayo wanaume wa hapa wanavuka kwenda Manda kukifukia kisima kile. Bi Mwanamkisi ameagiza uwemo, ubebe mawe kama wenzako. Waliotangulia Alhamisi kwenda kupima kazi wamerudi kabla ya wakati wao. Wote watatu masikio yao ni mazima, na wote watatu wanasema chini kule pana sauti. Walidhani mbuzi ametumbukia, wakamulika tochi. Ndani mlikuwa na maji matupu, yametulia, na sauti ikaendelea. Hawakuweza kuelewana kama ilikuwa ikiita au ikicheka.

Chukua sepetu. Pitia kwanza hapa kijijini uungane na wenzako. Usiende kule peke yako.

Ghada